Darasa la Kumalizia Maneno

Nyie walimu wapya, kabla hamjaninunia, fanyeni kitu kimoja kesho. Simameni nje ya dirisha la darasa lolote la tano, la sita au la saba. Msichungulie, sikilizeni tu. Mtamsikia mwalimu akisema, "Damu inasukumwa na mo...?" Darasa zima linaitika, "Yooo!" "Na moyo una vyumba vi...?" "Nneee!" "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" Mwalimu anafuta ubao, anatoka amenyoosha kola, na jioni anaandika kwenye ripoti kwamba ametumia mbinu shirikishi.

Kushiriki gani huko? Neno zima kalibeba mwalimu, mkia wake kautupia darasani, na watoto wameudaka. Ukimchomoa mmoja wao, ukamuuliza pembeni moyo una vyumba vinne vya kazi gani, atakutazama kama umemtukana.

Nimefundisha ushonaji kwenye shule za watu binafsi, kuanzia Temeke hadi Boko, katika vile vipindi vya stadi za kazi ambavyo walimu wengine huviomba pale wanapotaka kumalizia silabasi yao. Sasa nimestaafu, niko Kimbiji, na jirani yangu kafungua kituo cha tuisheni. Nikisikia "Ndiyooo" ikivuka ua, nafunga dirisha, joto na liwe.

Ualimu sikusomea. Niliacha shule darasa la sita, wala sikufukuzwa, wala sare haikukosekana, nilichoka kukaa. Wazazi wangu walitoka Newala wakaja Temeke wakiamini mtoto wao atakuwa karani. Badala yake nikapika kwa wajenzi Tabata, nikasuka nywele, nikauza vitumbua, nikakaa na fundi redio mmoja mpaka nilipojua kila kilichomo ndani ya redio, na kila mahali niliondoka pale nilipoanza kujua majibu. Mume wangu wa kwanza alisema nina miguu ya mbuzi. Wa pili hakusema kitu, alizoea.

Mahali pekee nilipoganda ni kwenye cherehani, na aliyenigandisha ni Fundi Mshamu, pale Tandika, kwenye baraza ya duka la vyombo. Fundi huyu alikuwa na tabia moja iliyonikera hadi kulia. Hakugusa kazi yako. Ukikosea, anaweka mikono nyuma, anakutazama. Siku moja nilishona shati, mikono yote miwili ikawa ya kushoto. Nikamwonyesha kwa fahari. Akalizungusha, akanirudishia.

"Livae," akasema. "Halafu kachote maji."

"Fundi, hili ni la mteja."

"Mteja haji leo. Kachote maji."

Nikaenda bombani na shati la mikono miwili ya kushoto. Kila nikiinua ndoo, bega la kulia linanikaba kama lina kisasi. Wanawake wa bombani walicheka mpaka mmoja akamwaga maji yake. Nilivyorudi, sikuhitaji mtu kunieleza kwa nini kichwa cha mkono wa nguo hukatwa tofauti upande wa mbele na upande wa nyuma. Bega lenyewe lilikuwa limeshanieleza. Fundi Mshamu akauliza tu, "Limekubana wapi?" Nikamwonyesha. "Basi anzia hapo," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Hakuwahi kusikia neno "mwezeshaji". Angelisikia, angedhani ni kitu cha kuwekea mafuta kwenye cherehani.

Neno hilo nililikuta Boko, kwenye shule ambayo sitaitaja kwa sababu Mkurugenzi wake ana mawakili na mie sina. Mama huyu alikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi, akaona shule nayo ni jengo, akafungua. Baadaye akaenda kwenye semina hotelini, akarudi na begi lenye nembo na maneno mapya. Kuanzia Jumatatu hiyo walimu wakawa wawezeshaji. Getini ikaandikwa kwa rangi ya kijani: MWANAFUNZI NDIYE KITOVU. Mlinzi akaanza kujiita mwezeshaji wa geti, mpishi mwezeshaji wa maharage, na mie nikaambiwa kwa barua kwamba ni mwezeshaji wa nyuzi. Watoto wenyewe walikuwa wameshaniita Ticha Uzi kabla ya semina, na hawakuona haja ya kubadilisha.

Kisha yakaja madawati. Mkurugenzi aliagiza ya nusu duara, ili watoto wakae wakitazamana kama wajumbe. Wazo zuri, angalau kwenye picha. Ila mwalimu alibaki palepale ubaoni akiandika yaleyale, kwa hiyo nusu ya darasa ikawa imeupa ubao mgongo. Mtoto anageuka, anasoma maneno matatu, anarudi kuandika, ameshasahau la tatu, anageuka tena. Mwisho wa muhula waliniletea mashati ya darasa la saba nibadilishe kola. Zote zilikuwa zimelika upande mmoja. Nikamwonyesha Mkurugenzi. Akaniambia nishone kola ngumu zaidi.

Na vikundi! Kila meza ilipewa jina la mnyama: Simba, Tembo, Twiga. Kila kikundi kina katibu. Katibu anafanya hesabu, mmoja anapaka rangi bango, waliobaki wanachora masharubu kwenye picha ya Simba. Kisha katibu anasimama, anasoma, na Mkurugenzi anasema, "Mpigieni makofi." Makofi nayo yalikuwa na majina. Kulikuwa na makofi ya treni na makofi ya mvua. Yale ya mvua unaanza kwa kidole kimoja juu ya kiganja, kisha viwili, vitatu, mpaka viganja vyote vinanguruma, halafu mnashuka taratibu hadi kidole kimoja tena. Nakubali yalipendeza. Watoto wa shule ile waliweza kupiga mvua ambayo ungetoka nje kuanua nguo. Kugawanya kwa desimali, hapo sasa.

Kulikuwa na mwalimu mmoja tu ambaye semina haikumbadilisha, kwa sababu kilichosemwa kwenye semina alikuwa anakifanya tangu atoke chuoni. Mwalimu Kisa, mtu wa Tukuyu, alifundisha hesabu darasa la saba. Mwembamba, mpole, sauti yake haivuki meza mbili. Alikuwa akiuliza swali, kisha ananyamaza. Anageukia dirisha na kuhesabu nondo zake, moja moja. Hafiki mwisho kabla mtoto mmoja hajasema kitu. Akisema upuuzi, Kisa haguni. Anauliza, "Umefikaje hapo?" Na mtoto anaanza kueleza, na katikati ya maelezo anajikamata mwenyewe.

Tulijuana kwa ugomvi. Alikuja chumba changu cha cherehani akanikuta nimechukua sindano mkononi mwa mtoto, namtungia uzi.

"Dada, mbona unamnyang'anya?"

"Nani kanyang'anya? Namsaidia."

"Alikuwa anatafuta tundu. Sasa hana cha kutafuta."

"Kipindi kinaisha, mwalimu."

"Kiishe," akasema. "Mwache, anafikiri."

Nilitaka kumjibu vibaya, maana ni mdogo kwangu. Nikakumbuka bomba la Tandika na bega la kulia. Nikarudisha sindano, nikaweka mikono nyuma. Mtoto akalamba uzi, akaukosa, akakata ncha iliyochanika kwa mkasi, akapitisha. Lile la kukata ncha hakuna aliyemwambia. Tangu siku hiyo Kisa akiwa na nafasi anakuja kukaa kwangu, na mimi nikiwa na nafasi nakaa nyuma ya darasa lake na kusikiliza hesabu nilizozikimbia utotoni.

Huko nyuma ndiko nilikomwona Shani vizuri.

Shani alikuwa wa darasa la saba, mrefu kuliko wenzake, wa kikundi cha Tembo, na alikuwa hamalizii neno. Darasa likipiga "Yooo", yeye mdomo umefungwa. Walimu walidhani ni kiburi. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole, "Ticha, wakishamaliza neno, mie bado niko mwanzoni mwake." Mtu kama huyo ungempa kiti cha mbele. Shule yetu ilikuwa inatafuta namna ya kumtoa.

Niambieni tu kama kwenu jambo hili halipo, nami nitafurahi. Shule inajiwekea alama yake ya kupita, juu ya ile ya serikali. Kabla majina ya darasa la saba hayajasajiliwa kwa mtihani wa taifa, wale walio chini ya mstari wanaitiwa wazazi. Wanaambiwa kwa sauti tamu kwamba mtoto angefaidika akirudia darasa, au akihamia shule "inayoendana naye". Wanaobaki wote wanafaulu, picha zao zinabandikwa getini, na mwaka unaofuata wazazi wapya wanapiga foleni chini ya picha hizo. Mkurugenzi aliita jambo hili kumlinda mtoto. Mwanafunzi ndiye kitovu, na kitovu kikishusha wastani kinakatwa.

Shani alikuwa miongoni mwa wachache wa chini ya mstari. Barua za kuwaita wazazi wao zilikuwa bado hazijatoka, kwa sababu kwanza kulikuwa na Siku ya Wazazi, na Mkurugenzi hakutaka mzazi mwenye hasira ukumbini. Ili wazazi waone mbinu mpya, yeye mwenyewe angefundisha somo la mfano mbele yao, na darasa lingekaa kwenye madawati ya nusu duara yaliyohamishiwa ukumbini. Somo ni duara. Walilifanyia mazoezi wiki nzima. Mtoto wa Simba alijua swali litakalomfikia, wa Twiga alijua lake, na wote walijua mvua inyeshe wapi.

Na wale wachache, pamoja na Shani, siku hiyo waliletwa kwangu kwenye chumba cha cherehani, nyuma ya jiko. "Wana mradi maalumu," Mkurugenzi akaniambia. Mradi wenyewe ulikuwa kuzungushia lesi kitambaa cha meza ya duara ya ofisini kwake.

Nikawapa kitambaa, lesi, futi kamba na mkasi. Nikaweka mikono nyuma. Kelvin, mtoto mfupi mwenye maneno mengi, akapima upana wa duara kupitia katikati, akasema lesi iwe mara mbili ya hapo, kwani kuna upande wa huku na upande wa kule. Wakakata, wakazungusha, ikaishia mbali. Wakalaumiana. Shani akasema waunge nyingine ya nusu ya hiyo, iwe upana mara tatu. Wakaunga, wakazungusha tena. Safari hii ilikaribia kukutana, ikabaki nafasi ndogo ya kuingia vidole.

"Mmevuta vibaya," Kelvin akasema.

"Hatujavuta. Zungusha tena."

Wakazungusha tena. Nafasi ilikuwa palepale.

"Ticha, hiki kipande kinatoka wapi?" Shani akaniuliza.

Sikujibu, na msinipe sifa, jibu lenyewe sikuwa nalo. Wakahamia kwenye kifuniko cha sufuria walichoazima jikoni. Mara tatu, na kipande. Wakapima sahani. Mara tatu, na kipande, kidogo zaidi kwa kuwa sahani ni ndogo. Shani alikuwa amepiga magoti sakafuni, futi shingoni, anaongea peke yake, na hapo ndipo mlango ulipofunguliwa na baba yake akaingia.

Baba Shani alikuwa fundi magari, gereji yake iko njia ya Bunju. Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, mafuta ya gari yamebaki kwenye kucha tu. Alikuwa ametazama vikundi vyote ukumbini, hakumwona mwanawe.

"Shani."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona mko huku? Wenzenu wako ukumbini."

Watoto wakatazamana. Kelvin ndiye aliyemjibu, kwa uchangamfu kabisa. "Baba Shani, sie ni wale wa kushusha wastani. Hata mtihani hatusajiliwi."

Mzee akanigeukia. "Mama, huyu mtoto anasema nini?"

"Anasema kama alivyosikia," nikamjibu. "Nami nimesikia hivyohivyo."

Msidhani alilitazama lile duara sakafuni akaguswa. Nawajua wazazi. Mwanawe alimweleza habari ya lesi na kile kipande, naye akasema, "Mie nimekuleta hapa ujue Kiingereza. Kushona ungeshonea nyumbani." Akamshika mkono, wakatoka. Wengine wakawafuata, nami nikafuata nyuma yao, maana miguu yangu haijawahi kubaki mahali ambapo jambo linahama.

Ukumbini Mkurugenzi alikuwa katikati ya utamu. Somo lilikuwa kwa Kiingereza, naye anawatafsiria wazazi hapohapo. Alipotuona tunaingia alisita, ila tabasamu halikutoka. Baba Shani akamkalisha mwanawe kwenye kikundi cha Tembo, yeye akasimama nyuma yake.

"Kwa hiyo mzingo wa duara," Mkurugenzi akaendelea, "tunapata kwa kipenyo mara pa...?"

"Iii!"

"Mara pa...?"

"Iii!"

Wazazi wakatabasamu. Mama mmoja alikuwa anarekodi kwa simu. Shani akanyoosha mkono. Mkurugenzi akatazama Simba, akatazama Twiga, akatazama dari. Mkono ukabaki juu, na nyuma yake baba mtu amesimama.

"Ndiyo, Shani. Simama, sema kwa sauti."

"Madam, kwa nini ni tatu na kipande? Kwa nini isiwe tatu tupu?"

"Swali zuri sana," Mkurugenzi akasema. "Tumpigie makofi ya mvua."

Kidole kimoja. Viwili. Vitatu. Mvua ikashuka, wazazi nao wakajiunga, ikanguruma juu ya bati, ikapungua, ikaisha kwa kidole kimoja. Mkurugenzi akafunua ukurasa wa pili. Shani bado alikuwa amesimama.

"Kaa, Shani. Tumeshakupongeza."

"Hajajibiwa," ikasema sauti mlangoni. Alikuwa Mwalimu Kisa, kwa sauti yake ileile ya meza mbili. Ukumbi ulikuwa kimya, kwa hiyo ilifika.

Mkurugenzi hakukosa la kufanya. Watu wa semina huwa hawakosi. "Wazazi, hii ndiyo mbinu yetu. Mwalimu hatoi jibu, watoto wanafundishana. Haya, nani atamsaidia mwenzake?"

Simba wakatazama chini. Twiga wakatazama Simba. Nawaambia, kutotoa jibu kwa kuwa mtoto yuko njiani kulipata ni kazi. Kutolitoa kwa kuwa hulijui, kisha ukawasukumia watoto, ni kitu kingine, na kwa mbali vinafanana sana. Mkurugenzi akangoja kidogo, akashindwa kuvumilia.

"Ni tatu na kipande kwa sababu ya pa...?"

"Iii!" darasa likaitika kwa nafuu kubwa.

"Mvua kwa wote."

Kidole cha kwanza kilikuwa kimeshagonga kiganja, Baba Shani alipoinua mkono kama mtoto wa shule.

"Mkurugenzi, samahani. Mie fundi magari. Injini ya gari ikigonga, siongezi sauti ya redio."

Vidole vikasimama.

"Mtoto kauliza. Jibu kama unalo, mpe. Kama huna, sema, mie mwenyewe sina. Lakini huko nyuma nimemkuta amefungiwa pamoja na wenzake, wameambiwa wanashusha wastani, hawasajiliwi mtihani. Huyu anayeuliza ndiye hasajiliwi? Na hawa wanaosema 'Iii' ndio wanasajiliwa? Nieleze nielewe."

Yule mama wa simu alikuwa bado anarekodi. Mkurugenzi aliiona simu, akatabasamu kuielekea.

"Baba Shani, hakuna mtoto wa darasa la saba asiyesajiliwa katika shule hii."

"Hata Kelvin?" akauliza mwanamke mmoja kutoka nyuma. Ni mama yake, alikuwa hajui lolote hadi dakika ile.

"Hata Kelvin."

Kelvin akaanzisha makofi ya treni. Hakuna aliyemfuata.

Basi wakasajiliwa wote. Msifikiri shule ilitubu. Mwalimu Kisa alihamishiwa darasa la kwanza, kwa maelezo kwamba ana uvumilivu. Saa za mapumziko alikuwa anakuja kwangu, na wale wa saba wanamfuata. Shani alimuuliza tena lile swali. Kisa akamwambia watu wamelisumbukia tangu zamani sana, na kwamba yeye anaweza kumwonyesha kipande kina ukubwa gani lakini mwisho wake hakuna aliyeufikia. Shani akasema, "Kumbe si mie tu." Naye Baba Shani, yuleyule shujaa wa ukumbini, baada ya mwezi alikuja kulalamika kwamba madaftari ya mwanawe hayajai kama ya watoto wa jirani. Ndivyo walivyo wazazi wa wanafunzi wenu. Wanataka mtoto anayefikiri, ila daftari lijae.

Mtaniuliza alifaulu? Alifaulu, kwa alama za kawaida, picha yake haikubandikwa getini. Wastani wa shule nao haukuanguka kama ilivyohofiwa. Ila hilo si la kuwaambia nyie, nyie mtalifanya bango.

Nimeacha kisa cha mwisho, ambacho ni cha kabla ya mtihani huo. Habari ya ukumbini, pamoja na ya ile lesi, ilienea, na kwa namna ambayo hadi leo siielewi iligeuka kuwa sifa ya shule. Wenye shule wengine wakaomba kuja kuona "chumba cha lesi". Mkurugenzi akachangamka. Akaja kwangu siku moja kabla, na karatasi.

"Ticha Uzi, mazoezi. Wewe utasema, 'Lesi ya duara ni upana mara tatu na ki...?' Wao wataitika, 'Pandeee!' Kisha mvua."

Nilidhani anatania. Akawapanga watoto mwenyewe, akawaitikisha, na Shani akafunga mdomo wake kama zamani. Mkurugenzi akamweka nyuma ya kabati, akasema hata kesho akae hukohuko.

Kesho yake wageni wakaja, suti na vitenge, wamejipanga ukutani. Kitambaa cha duara kiko mezani, lesi iko pembeni, futi iko juu yake. Mkurugenzi akanipa ishara kwa kidevu. Nikaweka mikono nyuma, nikanyamaza.

Nawaambia nyie, hicho kimya ndicho kazi yenyewe, na ndicho wengi wenu mtakachokikimbia. Kinawasha. Unaona kama darasa linakufa mikononi mwako. Mgeni mmoja akakohoa. Mkurugenzi akatoa kidevu tena. Nikaanza kuhesabu nondo za dirisha.

Shani akatoka nyuma ya kabati. Akachukua futi kamba, akapita mbele ya watoto wote, akamwendea mgeni aliyekuwa karibu zaidi, baba mmoja mnene mwenye tai.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Tunataka kuzungushia hii lesi. Wewe ungekata ndefu kiasi gani?"

Akampa futi. Yule baba akacheka kidogo, akatazama wenzake, akaona hakuna wa kumwokoa. Akaweka tai begani, akainamia meza. Akapima upana. Akapima tena. Akashika lesi, akaiweka, akakuna kichwa, akamtazama Mkurugenzi kama anayeomba.

Mkurugenzi akafungua mdomo. "Ni mara tatu na ki..."

"Samahani, madam," Shani akasema. "Mwache kwanza. Anafikiri."